Siku Mama Nadim Alipoliliwa

Katika mji mzima wa Markham, huko Kanada, pamoja na maduka yake, bustani zake na magari yake yasiyopiga honi, Mama Brightness alikuwa na mtu mmoja tu wa kuzungumza naye. Mtu huyo aliitwa Zebunissa kwenye vitambulisho vyake, lakini kwa Mama Brightness alikuwa Mama Nadim, kwa jina la mwanawe, kama aitwavyo mtu mwenye heshima zake. Naye Mama Nadim hakuwahi hata siku moja kumwita jirani yake kwa jina lake la Adelina. Walikuwa wameheshimiana hivyo kwa miezi kumi, juu ya ua wa mbao uliowafika kifuani.

Usidhani hakujaribu kupata wengine. Alijaribu sana. Wiki ya kwanza alipofika kutoka kwao Kamachumu kuja kumsaidia binti yake kulea mjukuu, alitoka kila asubuhi akasimama mbele ya nyumba ili asalimiane na wapita njia, maana mtu haishi mtaani kama mwizi. Wapita njia walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa wakivutwa na mbwa. Walitabasamu, wakasema neno moja, wakaenda zao. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyeuliza habari za nyumbani. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na bwana mmoja mrefu ambaye kila mwisho wa wiki alikata nyasi zake kwa mashine, akazijaza kwenye mifuko ya karatasi, akaipanga barabarani ichukuliwe na gari la taka. Mama Brightness alimtazama kwa wiki tatu. Hana ng'ombe, hana mbuzi, hana hata sungura. Nyasi anazimwagilia maji zikue, ili azikate, ili azitupe! Alimuuliza binti yake sababu.

"Mama, ndiyo maisha ya hapa," Brightness alimjibu, akikimbilia kazini maabara.

Jibu hilohilo alilipata alipouliza kwa nini taka zina ndoo tatu za rangi tatu, kwa nini mtu akija kukutembelea ni lazima akutaarifu wiki nzima kabla, na kwa nini watu wenye afya zao wanakimbia barabarani ilhali hakuna anayewafukuza. Akaamua kuacha kuuliza. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Mama Nadim alimpata sokoni. Jumamosi za kiangazi barabara kuu ya mji wa kale hufungwa, magari hayapiti, na wakulima hupanga mahindi, nyanya na asali kwenye meza. Pale angalau palifanana na mahali. Mama Brightness alichagua mahindi sita mabichi akaanza kumbembeleza muuzaji apunguze bei, kwa Kiingereza chake cha maneno kumi na kwa mikono yote miwili. Muuzaji alikuwa akitabasamu tu kama picha. Ndipo sauti ikatoka nyuma yake, Kiswahili safi cha kanda ya Ziwa.

"Usijisumbue, mama. Hapunguzi huyo. Mimi nimejaribu miaka thelathini."

Aligeuka akamwona mama wa Kihindi, mfupi, mzee kumzidi, amevaa sweta la kijani kwenye joto lote lile na anavuta kikapu cha magurudumu. Mama Brightness aliangusha mahindi. Akasema shikamoo huku machozi yakimlengalenga, na yule mama akaitikia marahaba kana kwamba ameitikia jana na juzi. Kumbe alikuwa mke wa marehemu Madatali aliyekuwa na duka la vitambaa Musoma na baadaye Mwanza. Kumbe alikuwa Kanada tangu mwaka sabini na tatu. Na kumbe, la kushangaza kuliko yote, nyumba yake ilikuwa mlango wa pili tu kutoka kwa Brightness, na Brightness alikuwa ameishi pale miaka minne bila kulijua hilo.

Tangu hapo kila Jumanne Mama Brightness alizunguka ua na sahani ya ndizi, na Mama Nadim alikuwa na chai ya maziwa na mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Walizungumza juu ya wali, juu ya magoti, juu ya watoto wanaosikia Kiswahili na kujibu Kiingereza. Hawakuwa hata wamepeana namba za simu. Za nini? Mwenye shida alifika uani akaita. Na Brightness alipomwambia kwamba viza yake inaweza kuongezwa, akitaka abaki miaka mingine, Mama Brightness alikubali siku hiyohiyo. Binti alidhani ni kwa ajili ya mjukuu. Mjukuu alikuwepo, ndiyo, lakini mjukuu alishinda shule ya watoto hadi jioni. Kilichomweka Markham kilikuwa Jumanne.

Sasa ikawa mwezi wa sita, dada wa mkwewe akajifungua huko Brampton, na Mama Brightness akaitwa kwenda kumkanda mzazi na kumpikia mtori wa ndizi. Alikaa siku tano. Jumamosi asubuhi mkwewe, Ombeni, akamrudisha kwa gari, akiwa na haraka ya kuwahi zamu ghalani. Walipofika kona ya mtaa, gari halikupita.

"Leo kuna nini huku?" Ombeni alisema. "Mama, naomba nikushushe hapahapa, nimechelewa."

Alishuka na begi lake. Magari yalikuwa yamepangwa kushoto na kulia, mtaa mzima, mtaa ambao kwa miezi kumi hakuwahi kuona magari matatu yakifuatana. Kwenye nguzo ya kona kulikuwa kumebandikwa karatasi yenye namba ya nyumba na mshale mkubwa mwekundu. Namba aliijua.

Akatembea. Alipokaribia akaona kochi. Kochi la kahawia la Mama Nadim, lile walilokalia kila Jumanne, limewekwa nje kwenye nyasi. Kando yake meza ya kulia chakula, viti vyake sita, kabati la vyombo, godoro limeegemezwa ukutani. Na watu, wakubwa kwa wadogo, wawili wawili na watatu watatu, wanazungumza kwa sauti za chini, wengine wamekaa kwenye viti, wengine wanaingia gereji na kutoka.

Wewe unayejua kilichokuwa kikiendelea, nyamaza kwanza. Mwache mwenzako afikiri kwa akili aliyokuja nayo. Kwao, Kamachumu, Mwanza, na popote alipowahi kuishi, fanicha haitolewi sebuleni ikawekwa uani ila kwa sababu moja: ndani yametandikwa majamvi, na watu wanakuja kukaa. Watu wa mtaa mzima hawaegeshi magari nyumba moja asubuhi ya Jumamosi ila kwa sababu hiyohiyo. Mshale huwekwa kona ili waliotoka mbali wasipotee. Harusi? Harusi ina ngoma, ina nguo za kung'aa. Hawa wamevaa kaptula na nyuso za kuchunguza. Na Mama Nadim alikuwa na miaka themanini na moja, na mara mbili msimu wa baridi alianguka kwenye ngazi.

"Siku tano tu," Mama Brightness alisema peke yake barabarani. "Nimeondoka siku tano tu."

Hakukimbia. Msiba hauendewi na nguo za safari. Aliingia kwa Brightness, akampigia simu binti, simu ikaita bila kupokewa. Akavaa gauni jeusi, akajifunga kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, akatia rambirambi kwenye bahasha. Alifikiri pia juu ya mchele, kisha akaona aende kwanza ajue jikoni kuna nani. Waislamu huzika upesi, alijua. Bila shaka walikwishamzika, Jumatano au Alhamisi, naye akiwa Brampton anakoroga mtori bila habari.

Alianza kwa adabu, kwa kushika mikono. "Poleni. Poleni sana. Bwana ametoa, Bwana ametwaa." Alimshika mkono kijana mwenye taa ya mezani kwapani. Alimshika mkono mama aliyebeba sufuria tatu. Wote walimpa mkono, wakasema asante, wakamtazama nguo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na macho mekundu. Akajiambia kwamba wazungu hulilia ndani.

Lakini kadiri alivyoangalia ndivyo alivyozidi kuchanganyikiwa. Mbele ya kioo cha kabati mwanamke mmoja alikuwa amevaa koti la baridi la marehemu, lile jekundu, anajigeuza kushoto na kulia. Bwana mmoja alikuwa ameketi chini anajaribu viatu. Vikombe vya chai, vile vyenye maua, vilikuwa kwenye boksi, na watu wawili walikuwa wakivipindua kuangalia matako yake. Mama Brightness alijua kugawana vitu vya marehemu. Kila kabila lina desturi yake. Lakini hugawanwa baada ya matanga, hugawanwa na ndugu, wazee wakiwa wamekaa, na huanza kwa sala. Hawa hata kaburi halijakauka! Na kati yao hakuna ndugu hata mmoja. Yule bwana wa nyasi, kwa mfano, ambaye kwa miezi yote hiyo hakumpa marehemu hata habari za asubuhi, alikuwa anaondoka na birika lake.

"Kufa kufaana," alinong'ona kwa uchungu. Akajitupa kwenye kochi la kahawia, akashika tama.

Hapo pakatokea jambo la ajabu zaidi. Alipoketi, watu wakaanza kumjia. Wa kwanza alikuwa mwanamke kijana mwenye ngazi ndogo ya kukunja. Alimwonyesha ile ngazi, akasema maneno, akatoa noti akamwekea mkononi. Mama Brightness alimtazama, akaitazama noti, akaelewa: rambirambi. Basi na hawa wana utu wao! "Mungu akubariki, mwanangu," alisema, akaifunga noti kwenye pindo la kanga. Mwanamke akatabasamu, akaondoka na ngazi. Wa pili alikuwa mzee mwenye redio. Wa tatu, bibi aliyebeba pasi na mapazia. Kila mmoja alitoa chochote, na kila mmoja aliondoka na kitu. Mama Brightness aliwabariki wote kwa moyo uliogawanyika. Watu gani hawa, mkono mmoja unampa pole, mkono mwingine unabeba pasi ya marehemu?

Ndipo Nadim akatoka gereji. Mwana mwenyewe, bwana wa miaka hamsini na kitu, mhandisi, mtu mpole mwenye upara. Kiswahili alikisikia tangu tumboni, ila kukisema ilikuwa shughuli. Alikuwa na utepe wa gundi mkononi na jasho usoni, na Mama Brightness alipomwona akiwa peke yake namna ile, mtoto asiye na mama, hakuweza tena. Aliinuka akamkumbatia.

"Nadim, mwanangu! Nadim, pole! Mbona hamkuniita? Mbona hamkuniambia?"

Nadim alishtuka, kisha akampigapiga mgongoni. "I know, Auntie. I know. Sorry sana. Tulitaka kusema, lakini Ma alikuwa hataki."

"Hataki? Hata dakika za mwisho hakutaka nije?"

"It's better hivi, Auntie. Zile ngazi... Ma alikuwa anateseka sana na zile ngazi."

Ngazi! Kwa hiyo zilikuwa ngazi. Aliona yote, mama wa watu chini ya ngazi, peke yake, sweta la kijani, hakuna wa kumwinua, na uani hakuna wa kuitika kwa sababu wa kuitika yuko Brampton. Mama Brightness alirudi nyuma hatua mbili, akaweka mikono kichwani, akapaza sauti.

"Mama Nadim weee! Mama Nadim umeniacha na nani! Umekwenda bila kuniaga, Mama Nadim! Jumanne nimekufanya nini hata usiningoje!"

Kilio kama hicho, tuseme ukweli, hakijawahi kusikika Markham. Mbwa wa mtaa mzima waliitika. Mwanamke wa koti jekundu alilivua haraka akalitundika alipolitoa. Mtu wa viatu alibaki na kimoja mguuni. Nadim alisimama na utepe wake, anasema "Auntie, Auntie, please," na Mama Brightness haoni wala hasikii, amepiga magoti kwenye nyasi, anamlilia mwenzake kwa sauti ya kwao, sauti aliyofunzwa na mama yake.

Mlango wa mbele ukafunguliwa.

"Nani huyo anapiga kelele kwenye nyasi zangu?"

Mama Brightness alinyamaza kwa mkupuo. Mlangoni alikuwa amesimama mama mfupi wa Kihindi mwenye sweta la kijani na kipande cha mkate mkononi. Akajigusa kifua akafanya ishara ya msalaba, na hata baada ya ishara ya msalaba yule mama alikuwa bado yupo, anatafuna.

"Mama Brightness? Umerudi lini? Nani amekufa?"

"Wewe," Mama Brightness alisema.

"Mimi?" Mama Nadim alimeza mkate. "Lini?"

"Sijui. Mimi nilikuwa Brampton."

Walitazamana. Nadim aliwatazama wote wawili, akaziba uso kwa mkono. Mama Nadim alishuka kizingiti polepole, mguu mmoja mmoja, akaja hadi kwenye kochi akaketi, akamwangalia mwenzake aliyepiga magoti na kanga zake mbili na majani ya nyasi kwenye gauni jeusi, na kicheko kikamshika. Alicheka hadi akashikilia meno. Mama Brightness alimgusa goti kwanza, kuhakikisha, akalikuta lina joto, akaanza kucheka naye huku bado analia, na kwa dakika nzima hakuna aliyejua anafanya lipi.

"Hizi ni rambirambi zako," alisema mwisho, akifungua pindo la kanga. "Watu wengi wametoa."

"Mpe Nadim. Hizo ni za vyombo, bana! Wananunua. Hapa mtu akitaka kuondoa vitu vyake anavitoa nje, anabandika karatasi kona, watu wanakuja kununua. Ndiyo desturi yao, kila kiangazi." Kisha akaiona bahasha. "Na hiyo?"

"Hiyo yangu. Ya kwako."

Mama Nadim akaichukua akaitia kifuani. "Hii sirudishi. Rambirambi hairudishwi."

Wakacheka tena. Kidogokidogo kicheko cha Mama Brightness kikaanza kupungua, kwa sababu alikuwa mtu mwenye akili, hata kama siku ile haikuonekana. Aliangalia kabati. Aliangalia godoro. Aliangalia vikombe vyenye maua, ambavyo sasa vilikuwa vinne badala ya sita.

"Lakini Mama Nadim," alisema, "mtu anayeuza godoro lake atalala wapi?"

Mama Nadim alipangusa makombo ya mkate mapajani.

"Nyumba imeuzwa," alisema. "Jumatatu nakwenda Calgary, kwa binti yangu Shaila. Kuna jengo la wazee karibu naye, lina lifti. Ni mwendo wa saa nne kwa ndege. Nadim anasema ngazi zitaniua, na kwa kweli zitaniua."

"Jumatatu ipi?"

"Hii."

"Jumanne iliyopita kabla sijaenda Brampton nilikunywa chai hapa. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua tangu mwezi wa tatu."

Mama Brightness alisimama. Kichwa chake, ambacho asubuhi nzima kilikuwa kikizunguka kama pia, sasa kilitulia, na alichokiona baada ya kutulia hakukipenda. Mwezi wa tatu. Jumanne ngapi hizo? Sahani za ndizi ngapi? Ameongeza viza yake, amewaambia wanawe kule nyumbani wasimtegemee Krismasi, na huyu ameketi mbele yake anamwongezea sukari na anajua.

"Ungekufa ningekusamehe," alisema. "Anayekufa hakuchagua siku. Wewe ulikuwa na siku zote hizi, na mdomo unao. Nimelia mbele ya watu kama kichaa, kumbe wewe mzima unakula mkate."

"Mama Brightness, kaa."

"Sikai. Kochi lenyewe si lako tena."

Ni kweli. Kochi lilikuwa limenunuliwa tangu asubuhi na mapema na vijana wawili, mke na mume, ambao sasa walikuwa wamerudi na pikapu na kusimama pembeni wakisubiri, wameshikana mikono, hawajui waangalie wapi. Nadim alikuja akasema taratibu, "Ma, wanataka kubeba."

"Wasubiri," alisema mama yake. Kisha akamgeukia mwenzake, na hapo Mama Brightness alimwona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokuwa mzee, macho yake yalivyozama. "Ningekuambia nini? Ulikuwa unaingia na sahani yako unacheka. Nikasema nitamwambia Jumanne ijayo. Ikija, nasema ijayo. Nilipotoka Mwanza tuliaga watu siku kumi na nne, nyumba kwa nyumba, mpaka nikachukia kuaga. Nikasema sitaaga tena mtu. Basi. Ni uoga tu. Kaa."

Mama Brightness akakaa, pembeni kabisa.

"Sasa sikiliza," alisema Mama Nadim. "Mimi nikifa huko Calgary, wewe utajuaje?"

"Utanipa namba ya simu."

"Namba nitakupa. Lakini siku hiyo simu itakuwa mkononi mwa Shaila, na Shaila hajui Kiswahili, wala hajui kwamba wewe upo. Wewe utakuwa hapa unapika ndizi, mimi nina wiki mbili kaburini." Aliuchukua mkono wa mwenzake akauweka mapajani mwake. "Watanisomea, hilo sina wasiwasi. Jamatkhana, kwenye nyumba yetu ya sala, watakuja wengi. Watoto watasimama, watasema maneno mazuri ya Kiingereza. Lakini hakuna atakayepiga kelele. Hakuna atakayeniuliza nimemwacha na nani. Nimekusikia nikiwa jikoni, nikafikiri, masikini, huyo anayeliliwa hivyo alikuwa na watu. Kumbe ni mimi." Akaubana ule mkono. "Ulikuwa umeanza vizuri, nikakukatiza. Endelea. Nililie nikiwa nasikia."

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Umeona haya sasa? Ulipokuwa magotini ulikuwa huoni haya."

Mama Brightness alivuta pumzi. Mara ya kwanza kilio kilikataa kutoka, alitoa kikohozi tu. Akajaribu tena, chini chini, bila kupaza, akiwa ameshikwa mkono, na safari hii maneno yalikuja.

"Mama Nadim wee. Mama Nadim wa sokoni. Ulinikuta nimesimama mjini kama kipofu ukaniambia hapunguzi huyo. Umekwenda, nani ataitikia shikamoo yangu? Mtaa mzima una milango, hakuna ninaougonga. Ulikuwa mkubwa wangu ukanifanya mwenzako. Ulinificha safari yako, mwongo wee, na bado nakulilia. Mke wa Madatali wee. Mama wa watoto wawili, Nadim na Shaila..."

"Watatu," alisema Mama Nadim.

Mama Brightness akamgeukia.

"Wa kwanza alikuwa Ehsan. Miezi saba. Homa ilimchukua usiku mmoja na asubuhi yake. Yuko Musoma, upande wa ziwa. Tulipohama hatukuweza kumbeba." Alikuwa akiangalia barabara, si mtu. "Madatali alikataza asitajwe, maana nilikuwa silali. Nikazoea. Sema watatu."

Nadim alikuwa amesimama nyuma ya kochi, utepe wa gundi mkononi. Hakuna aliyemtafsiria, na hakuhitaji.

"Watatu, Ma?" aliuliza, kwa Kiswahili.

"Kaa," mama yake alimwambia, akisogea kumpa nafasi.

Nadim akakaa. Vijana wa pikapu walizima injini wakaketi kwenye nyasi bila kuambiwa. Mama Brightness akafuta uso kwa ncha ya kanga, akaanza tena tangu mwanzo, na alipofika kwenye watoto alisema watatu, akawataja kwa majina, Ehsan akiwa wa kwanza.